Makopo Manne Chini ya Kompyuta

Somanda, Bariadi
11 Februari 2024

Kwako Mjomba Anatoli,

Shikamoo. Na mwadila, kama tunavyosalimiana huku jua likishapanda. Sisi hatujambo. Mama bado anashona sare za shule pale pale jirani na hospitali. Mvua ni nzuri, pamba ya watu imefika magotini. Babu anaendelea, ila goti la kushoto linamsumbua akipanda baiskeli. Najua hukuuliza habari zake katika barua yako. Nimeona nikuandikie tu.

Sikutegemea kwamba ungenijibu. Mwalimu Elizabeth alituagiza kidato cha tatu wote tuandike barua ya kweli kwa ndugu wa kweli na kuitia posta, siyo ya kusahihishwa kwenye daftari ikaishia hapo. Wenzangu waliwaandikia dada zao wa Mwanza. Mimi niliokota anwani yako nyuma ya picha, kwenye sanduku la mama. Hapa nyumbani jina lako halitajwi, na uliondoka nikiwa na miaka mitatu, kwa hiyo nilikuandikia huku naogopa. Flash yako ilipofika shuleni, imeviringishwa kwenye kipande cha sweta, niliogopa zaidi. Nimeificha katika mkebe wa hesabu, chini ya bikari.

Basi sikiliza. Kila Jumamosi asubuhi Babu huniruhusu kujifunza kuchapa kwenye kompyuta ya ofisi ya parokia, kwa kuwa yeye ndiye karani. Ni ile ya zamani waliyoiacha wamisionari. Ukiiwasha unaweza kwenda kufagia baraza na kurudi, ikawa bado inajifikiria. Jumamosi iliyopita Babu alitoka kuongea na katekista, nami nikachomeka flash na kubonyeza pale ulipoandika. Kioo kikawa cheusi, herufi nyeupe zikakimbia kama siafu waliokanyagwa, halafu kikatulia na kuwa cha bluu, safi, kama hakijawahi kutumiwa na mtu.

Mjomba, umeniwekea mifumo minne ya kuendeshea kompyuta, na nimeingia yote minne. Mmoja hauna picha hata moja, unakaa tu unakungoja uandike neno. Mmoja una rangi nyingi mpaka nikaona aibu. Mmoja nilibadilisha kila nilichokikuta, nikahamisha saa, nikageuza maandishi kuwa makubwa kama ya kwenye bango, na hakuna aliyenikataza. Lakini ule mdogo kuliko yote ndio nilioupenda, kwa sababu kwenye mashine ya Babu ulikimbia kama ng'ombe aliyeona maji. Nilipozima na kuchomoa flash, kila kitu cha Babu kilikuwa mahali pake. Ni kama mgeni aliyekula, akaosha sahani, akaondoka.

Nina maswali matatu. La kwanza, hawa wanaotengeneza mifumo hii ni akina nani? La pili, kwa nini wanaigawa bure? La tatu si la kompyuta. Meza ya kompyuta ya Babu imesimama kwenye makopo manne ya maziwa yenye oili chafu, kila mguu na kopo lake. Nilimwambia, "Guku, mchwa hawali chuma." Akanijibu, "Mchwa wa mara ya kwanza hawakuniuliza." Mara ya kwanza ilikuwaje? Mama nikimuuliza anaanza kutafuta mkasi.

Tafadhali usipige simu ya mama. Andika kwa anwani ya shule. Karatasi imeisha.

Mpwa wako,
Anyes


Njombe
3 Machi 2024

Mpwa wangu Anyes,

Marahaba. Mwadila na wewe. Neno hilo nilikuwa sijalitamka miaka mingi. Nimelitamka kwa sauti hapa karakana ya chuo, mwenzangu akaniuliza nani amefariki.

Huku ni baridi, ukungu unaingia mpaka darasani, na viazi tumevichoka. Nina afya. Msalimie mama yako kwa moyo, kwa kuwa kwa mdomo huwezi.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Sijawahi kusikia mtu akieleza jambo hili kama lilivyo. Mimi nilipoanza nilikuwa na furaha hiyo hiyo ya mtu aliyeruhusiwa kufungua kila mlango.

Sasa nikujibu. Ni watu tu. Wengine walimu, wengine wanafunzi, wengine wana kazi nyingine kabisa na hii wanaifanya wakipumzika. Wengi hawajawahi kuonana. Mmoja anaandika kipande, mwingine anakisoma na kukikosoa, wa tatu anakitia katika lugha ya kwao. Unajua majirani wanavyopalilia shamba la huyu leo na la yule kesho? Ndivyo wanavyofanya, isipokuwa shamba lenyewe likishapaliliwa linakuwa la wote. Ndiyo maana ni bure. Mtu hawezi kukutoza kwa kula ulichopanda naye, na wewe huzuiwi kupanda. Hata mimi nina kamstari kangu humo ndani. Sikwambii kako wapi.

Jambo moja, nalo ulishike. Mwanzoni utaona njia mbili: kujaribu na kusakinisha. Wewe jaribu tu. Ukijaribu, mfumo unaishi kwenye flash na haugusi kitu. Ukisakinisha, unahamia ndani ya mashine, na anayehamia huweza kumtoa aliyekuwemo. Usisakinishe kitu kwenye mashine isiyo yako.

Hayo ndiyo majibu ya maswali yako yote mawili.

Mjomba wako,
Anatoli


Somanda, Bariadi
24 Machi 2024

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Leo ni Jumapili ya Matawi, tumeandamana kutoka barabarani hadi kanisani. Mama hajambo. Dengu zimechanua.

Barua yako ilifika Jumatano. Kama ingefika Jumatano iliyotangulia, nafikiri ningekuandikia habari nyingine.

Nataka kuuliza kwa niaba ya msichana mmoja wa darasani kwetu. Alikuwa anajaribu tu, kama ulivyosema. Lakini kila akizima, vitu vyake vilisahaulika: picha aliyochora, rangi alizochagua, saa aliyoihamisha. Alitamani angalau siku moja arudi avikute. Akaazima flash nyingine, tupu, ili asakinishe mfumo humo. Ulipofika ukurasa unaouliza ni diski ipi, zilikuwepo mbili, hazikuandikwa majina, ni herufi na tarakimu tu. Alidhani ya kwanza ndiyo flash. Ikamwuliza kama ana hakika. Akasema ndiyo. Ikamwuliza jina lake, akaandika, na alifurahi sana, Mjomba, nataka ujue kwamba wakati ule alikuwa anafurahi. Kisha alipochomoa flash zote mbili na kuwasha, mashine ikamkaribisha kwa jina lake. Vya mwenye mashine havikuwepo.

Mtu kama huyo anaweza kurudi nyuma?

Habari nyingine ni kwamba kompyuta ya Babu ina tatizo. Jumatatu aliiwasha, akaona bluu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaizima mashine. Alimwambia mama kwamba ni macho. Humo ndimo yalimo majina ya ubatizo ya parokia nzima na vigango vyake tangu mwaka 1971. Vitabu vyenyewe viliharibika zamani, sijui vipi, na Babu alizunguka na baiskeli miaka sita, nyumba hadi nyumba, akiomba vyeti, akiuliza wasimamizi nani alibatizwa lini. Nakala nyingine haipo. Watu wanafuata majina hayo wakitaka kufunga ndoa, wakitaka cheti cha kuzaliwa. Jana walikuja wachumba wawili kutoka kigangoni. Babu aliwaambia warudi baada ya Pasaka, akawasindikiza hadi barabarani. Huwa hasindikizi watu.

Sili vizuri. Mama anadhani ni mitihani.

Jibu upesi, kwa ajili ya huyo msichana.

Anyes


Njombe
10 Aprili 2024

Mpwa wangu,

Natumaini mmekula Pasaka salama. Mimi nilikula na wenzangu hapa chuoni.

Huyo msichana wa darasani kwenu mwambie hivi.

Kilichofutwa hakijafutika chote. Ni kama mkeka mpya umetandikwa juu ya nafaka iliyoanikwa: huioni, lakini sehemu kubwa iko chini. Shida ni kwamba kila mashine inapowashwa, mtu anatembea juu ya mkeka. Basi izimwe na ibaki imezimwa. Tena, asiruhusu fundi yeyote aisakinishe upya. Mafundi wa mjini wanaita kupiga window, na wataipiga kwa nia njema, na hapo ndipo nafaka itakapokwisha. Mimi natafuta flash nyingine kubwa, nitaweka mfumo wenye chombo cha kufukua, nitamwandikia hatua moja moja.

Na asimwambie mtu.

Hili nalisema nikiwa najua ninachosema. Watu wakishampata wa kulaumu hawamtafuti mwingine. Yeye ni mtoto, ana shule, ana mwaka mmoja na nusu afanye mtihani wa kidato cha nne. Mzee atalaumiwa wiki mbili tatu, kisha watasahau. Mzee ameshawahi kubeba kubwa kuliko hilo, na mgongo haukuvunjika.

Barua hii ichomwe.

Anatoli


Somanda, Bariadi
5 Mei 2024

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Barua yako ilifika Alhamisi. Sikuichoma, kwa sababu nilitaka kuisoma tena mahali fulani, na ukishaisoma hii utaelewa ni wapi.

Hakuna msichana wa darasani. Nafikiri ulijua.

Baada ya Pasaka Babu alimweleza Padre Januarius kwamba majina hayaonekani. Hakueleza zaidi. Halmashauri ya walei wakakaa, wakasema atafutwe fundi, na Babu akabidhi funguo mpaka jambo lieleweke. Fundi alikuwa na kazi nyingi, akaja jana Jumamosi. Nilikuwa nimebeba chupa ya chai ya wageni. Walikuwepo Padre, Babu, wazee wawili, na mzee Dastan, mwenyekiti wa walei.

Fundi aliweka begi lake mezani, akasema, "Hii ndogo. Napiga window mpya, nusu saa mmemaliza."

Mzee Dastan akamwuliza, "Na majina?"

"Majina gani?"

"Majina ya watu, bwana! Ya ubatizo!"

"Aa, mzee wangu, mimi natengeneza mashine. Majina mlishayapoteza wenyewe."

Mzee Dastan akamgeukia Babu. "Ndalahwa, mara ya kwanza mchwa. Mara ya pili kompyuta. Mara ya tatu utatuletea nani, panya?"

Wazee wawili walicheka. Babu hakucheka wala hakukasirika. Aliinama akaangalia makopo chini ya meza, kama mtu anayehakikisha oili haijapungua.

Fundi akanyoosha mkono kwenye kitufe. Na mimi, Mjomba, barua yako ilikuwa kwenye mfuko wa sketi yangu. Uliniagiza mambo mawili: fundi asiiguse, na nisimwambie mtu. Nilijaribu kuona jinsi ya kuyashika yote mawili, na sikuona. Nilisikia sauti inasema, "Usiiguse." Ilikuwa ya kwangu. Chai ilikuwa inamwagika kwenye kiatu changu na sikuihisi.

"Nani huyo?" mzee Dastan akauliza.

"Ni mimi niliyefuta. Babu hajui kitu. Fundi akiweka mfumo mpya, majina hayatapatikana tena. Yako chini. Yanaweza kufukuliwa."

Hawakuniamini! Hilo sikuwa nimeliogopa, kwa sababu sikulifikiria. Mzee Dastan alisema, "Mtoto wa sekondari afute kompyuta ya parokia? Huyu anamkingia babu yake." Fundi akacheka, akanyoosha mkono tena.

Ndipo Babu aliposema, "Mwache. Anasema kweli. Siku ile nilipowasha, kioo kiliniandikia Anyes."

Padre akauliza, "Uliliona jina lake tangu mwezi wa tatu, ukanyamaza?"

"Nilikuwa namngoja mwenye jina."

Kisha akachomoa waya wa umeme wa kompyuta, akauzungusha mkononi taratibu kama kamba ya ndama, akautia mfuko wa koti na kutoka. Padre alimwambia fundi asamehe usumbufu, akafunga mlango kwa ufunguo. Alinipa hadi sikukuu ya Petro na Paulo, mwisho wa mwezi wa sita. Kama majina hayatapatikana, Babu hatarudi ofisini, na mimi nitasimama mbele ya waumini niwaeleze mwenyewe.

Nilimfuata Babu hadi nyumbani, yeye mbele na mimi nyuma. Tulipofika aliutundika waya kwenye msumari wa kofia yake. Nilipiga magoti, nikasema, "Guku, nisamehe." Akahesabu kwa vidole, akasema, "Wiki saba. Si haba. Wengine huchukua zaidi."

Nimekaa nafikiria hayo maneno, na yale yako, kwamba mzee ameshawahi kubeba kubwa kuliko hilo. Umejuaje, Mjomba? Swali langu la tatu hukulijibu.

Naogopa sana. Tuma hiyo flash.

Anyes


Njombe
23 Mei 2024

Mpwa wangu Anyes,

Leo sikusalimii kwa urefu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kabati la vitabu vya ubatizo lilisimama kwenye makopo manne yenye oili, kama meza unayoiona. Mimi nilikuwa nimejifunza kutengeneza spika: unachukua kopo, unafunga kitu ndani, redio ndogo inatoa sauti ya kujaza nyumba. Nilihitaji manne. Nikayachomoa ofisini siku ya Ijumaa, mzee akiwa kigangoni, nikajiambia Jumatatu nitayarudisha. Sauti ilitoka, Anyes. Ilitoka vizuri mno. Nikasahau Jumatatu. Nikasahau ya pili. Mvua zikaanza, na ofisi ilifungwa kwa sababu mzee alilazwa na malaria. Alipofungua kabati, kwa mbele vitabu vilisimama safi kabisa, mgongo kwa mgongo. Alipokivuta kimoja, akashika gamba tupu.

Walimsema hadharani, kanisani. Nilikuwa nimeketi benchi la nne. Sikusimama. Jioni ile nilizifukia spika nyuma ya zizi. Nikaishi naye miaka miwili zaidi, nikimwona anatoka na baiskeli kila siku kuyatafuta majina, halafu nikaondoka. Watu wanadhani tuligombana. Hatukuwahi kugombana. Nilishindwa tu kukaa meza moja naye.

Nilikwambia unyamaze kwa sababu mimi nilinyamaza, na nilitaka mwenzangu. Nisamehe. Wewe umesema ukiwa umeshika chupa ya chai.

Flash hiyo hapo, na hatua nimeziandika kwenye karatasi ya pili, kumi na moja. Usiruke hata moja. Ya sita ndiyo ya hatari: soma ukubwa wa kila diski kabla ya kuchagua, uandike kwenye karatasi, usome tena. Utakachofukua kihifadhi kwenye flash, usikirudishe kwenye mashine ile. Na ujue kwamba mafaili yatarudi bila majina yao. Mkeka ulipotandikwa, vibandiko viling'oka. Maandishi yatakuwemo, lakini hutajua ni ya kigango gani wala mwaka gani mpaka uyasome.

Kuna bahasha nyingine ndogo, nimeifunga. Ni ya mzee. Mpe, au uichome. Nakuachia wewe kwa sababu mimi naogopa kuliko wewe.

Anatoli


Somanda, Bariadi
30 Juni 2024

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Watu wako mashambani wanavuna pamba, mji umekuwa mtupu. Mama amekushonea shati kwa kukisia kipimo. Sikumwambia kwamba tunaandikiana, alijua mwenyewe. Anasema mtoto anayeulizia mchwa hawezi kuwa anaandikia dada wa Mwanza kama wenzake.

Bahasha nilimpa Babu siku ile ile ilipofika. Aliisoma nje tu, mwandiko, akaitia mfuko wa koti. Ikakaa humo siku nane. Kila nilipomwona anaingiza mkono mfukoni niliacha nilichokuwa nafanya nikamtazama, kisha anatoa ugoro.

Jumamosi ya tarehe 15 tulikwenda ofisini, mimi na yeye na Padre. Babu alitoa waya msumarini, akauchomeka mwenyewe. Nilifuata hatua zako. Ya sita niliisoma mara tano, nikaandika ukubwa wa kila diski kwenye kiganja, na bado kidole kilikataa kushuka. Babu alisema, "Kama una hakika, bonyeza. Kama huna, tukale michembe kwanza." Tukaenda kula viazi hivyo vikavu na karanga barazani. Tuliporudi nilisoma mara moja tu, nikabonyeza.

Ilianza kuhesabu. Moja. Kumi na mbili. Mia. Padre aliondoka kwenda kwa wagonjwa, akarudi, bado inahesabu. Zilipatikana nyimbo za kwaya, matangazo ya ndoa, barua za Babu za kuomba mabati. Nikafungua faili moja lenye namba ndefu badala ya jina, na mstari wa kwanza ulikuwa: Mboje, binti wa Kwandu, msimamizi wake Domitila. Babu akaweka mkono juu ya kioo kama anayepima homa.

Lakini ilikuwa kama ulivyosema. Kurasa zilirudi zimechanganyika, nyingine bila kichwa, nyingine zimekatika katikati. Mimi nilikata tamaa. Babu hakukata. Padre alizichapa zote, na kwa Jumapili mbili baada ya misa Babu alizitandaza kwenye mabenchi ya nje, akawaita wazee wa vigango vyote. "Njooni mjitafute." Mjomba, ungewaona! Walibishana kama mnadani. "Huyu ni wa mwaka wa mvua kubwa, mama yake alivushwa mto mgongoni!" "Mwongo wewe, mvua kubwa mimi nilikuwa nimeshaoa!" Mmoja alikumbuka msimamizi, mwingine akakumbuka padre aliyebatiza, ukurasa ukapata mahali pake. Mzee Dastan alikuja wa mwisho. Akapita benchi hadi benchi, akainama juu ya ukurasa mmoja. Ulikuwa wa ubatizo wake. Akamwambia Babu, "Ndalahwa, umeniandika jina la baba yangu vibaya." Babu akamjibu, "Ulinitajia hivyo mwenyewe, ulikuwa umekunywa." Wakacheka wote wawili mpaka mzee Dastan akafuta macho.

Majina thelathini na saba hayakupatikana. Babu anasema atapaka mafuta mnyororo wa baiskeli. Jana, sikukuu ya Petro na Paulo, Padre alimrudishia funguo mbele ya watu. Mimi nilisimama vilevile, ingawa haikunilazimu tena. Nilieleza nilichofanya.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi ya tarehe 22 nilikuwa namwonyesha Babu ule mfumo mdogo, kutoka kwenye flash, kwa kujaribu tu. Kuna programu ya kuchora, na nikaichagulia Kiswahili, nikafungua mahali panapoeleza walioitengeneza. Majina yakaanza kupanda, majina ya watu wa kila namna ambayo siwezi hata kuyatamka. Babu akauliza, "Hawa ni akina nani?" Nikamwambia ulivyoniambia: ni watu tu, Guku, hawajuani, kila mmoja kaleta kipande chake. "Wanalipwa?" Wengi hapana. "Kama kupaliliana," akasema. Na hapo, Mjomba, likapita: Kiswahili, Anatoli Ndalahwa.

Nilifikiri hajaliona. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akavaa miwani. Akalisoma kwa sauti, jina lako na lake, kama anavyosoma tangazo la ubatizo. Halafu akaingiza mkono mfukoni na safari hii hakutoa ugoro. Alitoa bahasha, akaisoma pale pale mbele yangu, mara mbili, akaikunja.

Nilimwuliza, "Guku, ulikuwa unajua?"

Akasema, "Redio iliimba wiki tatu nyumbani kwangu. Unadhani nilikuwa kiziwi?"

Akainama, akagusa makopo chini ya meza kwa ncha ya kiatu. Kisha akaniambia nikuandikie, na nimeyaandika hapa kama alivyoyatamka, bila kuongeza:

"Mwambie makopo yangu manne nayataka. Haya niliazima kwa Dastan, na mwenyewe anayadai. Ayafukue alikoyafukia, ayalete kwa mkono, siyo kwa posta."

Anyes